Mwanasheria wa Fustat

Katika miaka ya 1170, Fustat, mji mkongwe wa Misri ulio kusini kidogo ya Cairo, ulikuwa na kazi mbili za sheria zikiendelea kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilionwa na kila mpita njia. Salah al-Din, aliyeuangusha utawala wa Wafatimi mwaka 1171, alikuwa akijenga madrasa kubwa kando ya kaburi la Imamu Shafii, yule ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar mpaka leo. Ya pili ilikuwa kazi ya ndani, ya wino na karatasi, na mwenye kuifanya alikuwa Myahudi mmoja ambaye hajatimiza miaka 40. Jina lake Musa bin Maimuni. Wazungu humwita Maimonides, na Wayahudi wenzake humwita Rambam, kwa herufi za mwanzo za cheo na jina lake.

Musa alikuwa akiandika sheria yote ya dini yake: sala na saumu, ndoa na talaka, mikataba, wizi, majeraha, ushahidi, hukumu za wafalme na za vita, hata taratibu za dhabihu katika Hekalu la Yerusalemu lililokwisha kubomolewa miaka 1,100 nyuma. Kila jambo aliliweka mahali pake, kwa Kiebrania chepesi, bila mabishano.

Asiyejua hali ya sheria hiyo kabla yake hawezi kuona uzito wa kazi hii. Chemchemi yake kuu ni Talmudi ya Babeli, na Talmudi si kitabu cha hukumu. Ni kumbukumbu za mijadala ya vizazi vya wanazuoni wa Iraki ya kale, nyingi kwa Kiaramu. Mjadala unaweza kuanza na ng'ombe aliyempiga mwenzake pembe, ukaingia kwenye kisa cha mwanazuoni na jirani yake, ukapitia dawa ya tumbo, kisha ukamrudia ng'ombe bila kusema waziwazi nani ameshinda. Aliyetaka kujua hukumu ya jambo lake ilimbidi amtafute mtu aliyetumia nusu ya maisha yake ndani ya bahari hiyo. Mfanyabiashara, seremala, mjane, wote waliishi chini ya sheria wasiyoweza kuisoma wenyewe. Hilo ndilo lililomkera Musa, na kwa maoni yangu ndilo linaloiunganisha kazi yake yote.

Alizaliwa Córdoba, Hispania, mwaka 1138. Vitabu vingi hutaja 1135, lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba mwaka 1168 alikuwa na umri wa miaka 30, na neno lake linatosha. Baba yake alikuwa kadhi wa Wayahudi wa mji, mwanafunzi wa Yusufu ibn Migash, aliyekuwa mwanafunzi wa Isaac Alfasi, mwanasheria mkubwa kuliko wote wa kizazi chake. Silsila ilikuwa ya heshima. Amani haikudumu. Mwaka 1148 Wamuwahidi kutoka Moroko waliuteka mji, wakaufuta ulinzi ambao Wayahudi na Wakristo walikuwa wameuzoea chini ya watawala wa Kiislamu waliotangulia. Familia ikawa ya kutangatanga. Karibu na 1160 walikuwa Fez, na mwaka 1165 walipanda chombo wakapigwa na dhoruba hadi bandari ya Akka, kisha wakashuka Misri.

Katika miaka hiyo ya kuhamahama, akiwa na umri wa miaka 23, alianza ufafanuzi wa Mishna, matini ya kale ambayo Talmudi nzima inaizunguka. Alipoumaliza aliongeza maneno ya kuomba radhi kwa msomaji: kuna sehemu alizoziandika akiwa safarini nchi kavu, na nyingine akiwa juu ya marikebu baharini. Alimaliza mwaka 1168, mwaka ambao majeshi ya Wapiganaji wa Msalaba yaliingia Misri na waziri Shawar akaamuru Fustat ichomwe moto isije ikawaangukia maadui. Mji wa Bilbays ulikuwa umetekwa, na Wayahudi wengi walichukuliwa mateka. Barua ya kuchangisha fedha za kuwakomboa imehifadhiwa hadi leo, na iliyo chini yake ni sahihi ya Musa.

Wakati huo hakuwa akila jasho la elimu yake, na hilo lilikuwa kwa msimamo. Aliandika kwa ukali usiofichika kwamba mwanazuoni anayeifanya Torati kuwa njia ya kujipatia riziki, na kuishi kwa sadaka za watu ili asome, amelivunjia heshima jina la Mungu. Wanazuoni wa zamani, alisema, walikata kuni na kuteka maji. Wengi walimpinga, na hata sasa hoja hiyo haijaisha miongoni mwa Wayahudi. Lakini yeye alikuwa na bahati ambayo mpasua kuni hana, maana alikuwa na ndugu. Daudi, mdogo wake, alifanya biashara ya vito, na faida ya safari zake ndiyo iliyolipa chakula, mafuta ya taa na karatasi.

Barua moja ya Daudi ipo Cambridge. Aliiandika kutoka Aidhab, bandari ya jangwani kwenye Bahari ya Shamu, baada ya kulivuka jangwa yeye na mwenzake peke yao bila msafara, jambo ambalo yeye mwenyewe alikiri lilikuwa la ujinga. Alipofika hakukuta bidhaa ya maana zaidi ya nili. Kwa hiyo ameamua kuendelea hadi India. Anamsihi kaka yake asiwe na wasiwasi, na amtulize mke wake. Hiyo ni bahari yetu, ya kaskazi na kusi, na watu wa pwani wanajua inavyochukua. Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, pamoja na mali yake, mali ya kaka yake na mali ya watu wengine, akaacha mjane na binti mdogo.

Miaka minane baadaye Musa alimwandikia rafiki yake, kadhi wa Akka, kwamba tangu habari ile ilipomfikia alilala kitandani karibu mwaka mzima, kwa homa, majipu na kuchanganyikiwa, nusura afe. Daudi alikuwa ndugu, alikuwa mwanafunzi wake, na alikuwa nguzo ya nyumba. Aliposimama tena, Musa hakwenda kuwaomba Wayahudi wa Fustat mshahara. Alijishikiza kwenye utabibu, na mwisho akawa tabibu wa watu wa ikulu, akianza na al-Fadil, waziri mkuu wa Salah al-Din.

Kitabu kile kikubwa, Mishneh Torah, kilimchukua miaka kama 10 na kilikamilika karibu na mwaka 1178. Kina vitabu 14 ndani yake, na karibu sura 1,000. Kabla ya kukianza alitayarisha orodha ya amri zote 613 za Torati, 248 za kufanya na 365 za kuacha, pamoja na kanuni 14 za kueleza kipi kihesabiwe kuwa amri na kipi kisihesabiwe. Alifanya hivyo ili asije akasahau hata moja katika mpangilio. Katika utangulizi alisema jambo lililowashtua wanazuoni: mtu akisoma kwanza Torati, kisha kitabu hiki, ataijua sheria yote ya mapokeo bila kuhitaji kitabu kingine katikati yake. Wala hakutaja vyanzo. Hukumu baada ya hukumu, sura baada ya sura, hakuna anayetajwa kuwa ndiye aliyesema hili au lile.

Kutoka kusini mwa Ufaransa, Abrahamu bin Daudi wa Posquières alimjibu kwa maelezo makali ya pembeni, mstari kwa mstari. Shtaka lake lilikuwa la haki, nami naona halijapata jibu kamili: waandishi wote waliotangulia walitaja ushahidi wao, na kadhi anapokuta hukumu bila chanzo hawezi kujua aifuate au afuate maoni yake mwenyewe. Sheria isiyoonyesha ilikotoka humweka msomaji mikononi mwa mtu mmoja. Na Musa alikuwa amekusudia kumtoa huko huko.

Yeye mwenyewe alikuja kuonja uchungu wa jambo hilo. Katika barua kwa Pinhasi, kadhi wa Wayahudi wa Iskandaria, anasimulia kwamba siku moja alijiwa na kadhi mcha Mungu mwenye kurasa za kitabu chake mkononi, sehemu ya hukumu za mwuaji. Akamwonyesha mahali, akamwambia asome. Musa akasoma, akauliza shida iko wapi. Kadhi akauliza: maneno haya yametoka wapi? Musa akataja sehemu za Talmudi zinazohusu wauaji na mahakama. Mgeni akasema zote amekwisha zipekua. Labda basi Talmudi ya Yerusalemu? Nayo ameitazama. Musa akakumbuka sehemu nyingine kabisa, akaitoa, akatafuta, asipate. Mgeni alipokwisha kuondoka ndipo kumbukumbu ilipomjia: hukumu ilikuwa imetajwa kwa kupita tu, ndani ya mjadala wa jambo jingine. Akatuma mjumbe amrudishe yule kadhi, akamwonyesha. Kisha akamwandikia Pinhasi kwamba ikiwa yeye mtunzi amesumbuka hivi, msomaji atafanyaje? Alikusudia kuandika kitabu cha pili cha kuonyesha vyanzo. Hakukiandika. Kazi hiyo waliifanya wengine, Vidal wa Tolosa katika karne ya 14 na Yusufu Karo katika karne ya 16.

Nimesema kazi yake iliunganishwa na nia moja, lakini mtu akisoma sheria za Musa kama orodha ya hukumu tu atakosa falsafa iliyo chini yake. Chukua suala la ushahidi. Sheria ya Kiyahudi haimwui mtu ila kwa mashahidi wawili walioona kwa macho. Talmudi inatoa mfano: mtu anamkimbiza mwenzake kwa upanga hadi ndani ya nyumba, watu wanaingia nyuma yao, wanamkuta mmoja amechinjwa na mwingine ameshika upanga unaodondoka damu. Hahukumiwi kifo. Msomaji yeyote atasema huo ni upuuzi, na Musa alijua atasema hivyo. Jibu lake, katika kitabu cha amri 613, ni kwamba uwezekano una ngazi nyingi. Ukiruhusu hukumu kwa jambo lililo karibu kabisa na yakini, kesho utaruhusu lililo mbali kidogo, na kesho kutwa lililo mbali zaidi, mpaka watu wauawe kwa dhana ya hakimu. Kuwaachilia wakosaji 1,000 ni afadhali kuliko kumwua asiye na hatia mmoja. Aliyaandika haya katika karne ya 12, katika dunia ambayo mfalme aliweza kukata kichwa kabla ya chakula cha mchana.

Au chukua talaka. Kwa sheria ya Kiyahudi mume ndiye anayetoa talaka, na lazima aitoe kwa hiari yake. Lakini zipo hali ambazo mahakama inamlazimu kuitoa, na akikataa anapigwa mpaka aseme: nataka. Je, neno lililotoka chini ya bakora ni hiari? Musa anajibu kwamba aliyelazimishwa ni yule anayesukumwa kufanya asichowajibika nacho, kama kuuza mali yake kwa nguvu. Lakini huyu sheria imekwisha mwajibisha. Ndani kabisa anataka kuwa miongoni mwa watu wake na kuzishika amri zao. Kilichomfunga ni nafsi yake mbaya. Kipigo kinaidhoofisha nafsi ile, na neno linalotoka ni lake mwenyewe. Wanafalsafa wa sheria wangali wanaipigia kelele hoja hiyo, na wana haki, maana mtawala yeyote anaweza kuidandia. Hata hivyo Musa alikuwa akimtetea mwanamke aliyefungiwa ndani ya ndoa, na hilo lisisahauliwe wakati wa kumhukumu. Alikwenda mbali kuliko wengi: aliandika kwamba mke akisema amemchukia mumewe, mume alazimishwe kumwacha, kwa kuwa mke si mateka wa kulazwa na mtu asiyempenda. Wanazuoni wa Ufaransa na Ujerumani waliikataa hukumu hiyo, na kwa karne nyingi ni ya kwao iliyotawala.

Hukumu hiyo haikubaki kitabuni. Fatwa zake zaidi ya 400 zimehifadhiwa, nyingi kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, na nyingi ni fupi mno. Mojawapo inahusu mwanamke aliyeolewa akiwa mtoto. Mume wake alikuwa mtu wa safari, akimwacha bila chakula, yeye na watoto. Mwanamke alijua kusoma Maandiko, basi akaanza kufundisha watoto wadogo, yeye na kaka yake, na chuo kikashika. Mume akarudi. Akasema heshima yake inavunjwa, baba za wanafunzi wanakuja kwa mkewe, chuo kifungwe. Kwa herufi ya sheria mume alikuwa na hoja: anaweza kumzuia mkewe kufundisha. Musa anakubali hilo. Halafu anaonyesha mlango. Mwanamke anaweza kumkataa mume, akasamehe mahari aliyoahidiwa katika mkataba, na mahakama itamlazimisha mume kumwacha, jambo lililo karibu na khului wanayoijua makadhi wa pwani. Akishaachwa yuko chini ya mamlaka yake mwenyewe, atafundisha amtakaye na kufanya apendavyo.

Sijui fatwa inayoonyesha akili yake vizuri zaidi kuliko hii. Kanuni hakuigusa. Aliisoma yote, si ule upande wa mume peke yake.

Mara nyingine kanuni yenyewe aliiweka kando. Kijana mmoja alikuwa amenunua mtumwa wa kike, akaishi naye, na mji ukanong'ona. Sheria ya Mishna inakataza mtu anayetuhumiwa hivyo kumwacha huru mtumwa na kumwoa. Musa akaamuru amfukuze au amwache huru na kumwoa, na ushauri wake ulielemea ndoa, akaeleza kwamba amekwisha hukumu hivyo mara kadhaa ili wakosaji wapate njia ya kurudi. Alikuwa amekwisha kuandika kwamba mahakama, kama tabibu anayekata mguu ili mwili upone, inaweza kuvunja amri moja kwa muda ili dini yote isimame.

Na bado, katika Dalalat al-Hairin, kitabu chake cha falsafa alichokimaliza karibu na 1190, tabibu huyo huyo anasema sheria haiwezi kufanana na dawa. Dawa hupimwa kwa kila mgonjwa, kwa mwili wake na saa yake. Sheria huangalia walio wengi, na lazima iwe moja kwa wote, hata kama kuna wachache ambao haitawafaa. Ikianza kupimwa kwa kila mtu, itaharibika yote. Katika sehemu ya tatu ya kitabu hicho alitafuta sababu ya kila amri, akiwapinga waliodhani kwamba amri ya Mungu haina hekima ya kuelezeka. Hata dhabihu alizieleza kwa historia: watu waliotoka Misri walikuwa wamezoea ibada za kuchinja, na binadamu habadiliki ghafla, kwa hiyo Mungu aliwaachia desturi hiyo huku akiigeuza kumwelekea yeye. Baadhi ya Wayahudi walikiona kitabu hicho kuwa hatari kubwa, na karibu miaka 30 baada ya kifo chake jamii za Ufaransa na Hispania ziligawanyika na kutengana kwa ajili yake.

Wapo wanaosema Musa wa falsafa na Musa wa sheria ni watu wawili. Barua zake kwa Obadia zinanikatalia. Obadia alikuwa mtu aliyeingia dini ya Kiyahudi kutoka nje, naye aliuliza kama anaruhusiwa kusali akisema Mungu wetu na Mungu wa baba zetu, wakati baba zake hawakuwa Wayahudi. Musa alijibu: sema yote, usibadilishe hata neno, kwa kuwa Ibrahimu ni baba wa kila anayeingia katika imani yake. Obadia aliuliza pia kuhusu Waislamu. Alikuwa amesema kwamba wao si waabudu sanamu, na mwalimu wake akamkemea na kumwita mjinga. Musa, ambaye familia yake ilikuwa imefukuzwa na watawala wa Kiislamu, aliandika kwamba Waislamu wanampwekesha Mungu tauhidi iliyo kamili isiyo na dosari, na kwamba uongo wao juu ya Wayahudi hautupi ruhusa ya kusema uongo juu yao. Kisha akamgeukia yule mwalimu: amemdhalilisha mtu aliyeacha wazazi na nchi kwa ajili ya Mungu, basi amwombe msamaha.

Mwaka 1199 mtarjumi wa Dalalat, Samuel ibn Tibbon, alitaka kuja kutoka Ufaransa kumtembelea. Musa alimwandikia asitegemee kupata hata saa moja ya faragha. Kila asubuhi hupanda mnyama kwenda Cairo kwa sultani. Kukiwa na mgonjwa ikulu hushinda huko. Hurudi Fustat baada ya adhuhuri akifa njaa, na kukuta baraza limejaa watu, Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo, mahakimu, marafiki na maadui. Hushuka, hunawa mikono, huwaomba wamvumilie apate tonge, mlo wake pekee wa mchana na usiku. Halafu huwatibu mpaka giza, na mwisho huzungumza nao akiwa amelala chali kwa uchovu. Siku ya Sabato jamii nzima huja kwake baada ya sala.

Katika uchovu huo ndipo yalipomfikia maswali 24 kutoka kwa wanazuoni wa Lunel, karibu na Posquières, wakihoji sehemu za Mishneh Torah. Alichelewa sana kujibu, akawaomba radhi kwa ugonjwa na kazi. Kwa maswali mengi alitetea alichoandika. Kwa moja aliwaambia kwamba wao ndio walio sahihi na yeye amekosea, na kwamba wameuliza vema. Watengeneze nakala zao. Alifariki Desemba 1204, na mwanawe Abrahamu, aliyekuwa na umri wa miaka 18, akashika uongozi wa Wayahudi wa Misri pamoja na maswali ambayo yalikuwa hayajaacha kuja.